Damu kwenye mswaki si sababu ya kuuweka chini

Nawaandikia nikiwa Pioneer, mtaa wa Eldoret ambako kazi imeniweka kwa mwaka wa tatu sasa. Huku ni juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi ni kama yametolewa kwenye friji. Maji hayo ndiyo yaliyonifichulia siri ya kinywa changu.

Nilipokuwa Mombasa sikuwahi kuhisi kitu. Huku, kila nikisukutua, gego la chini upande wa kushoto lilikuwa likinichoma hadi sikioni. Nikazoea kusukutua upande mmoja. Ukweli ni kwamba ufizi wa upande ule ulikuwa ukitoka damu kwa miaka, na kila nilipoona wekundu kwenye mswaki nilijiambia nimejiumiza, wacha papumzike. Nikawa naparuka. Nilipofika kwa daktari wa meno, gego lilikuwa likitikisika. Lilipong'olewa halikuwa na tundu hata moja. Jino zima, lenye afya, limekwenda na maji, na mimi nina miaka arobaini na sita tu.

"Mzee," daktari akaniambia, "pale panapotoka damu ndipo penye uchafu. Ndipo ulipotakiwa kupiga mswaki kwa makini zaidi."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike leo, kwa sababu najua si mimi peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi wana ufizi unaotoka damu. Tumeuona ugonjwa huu kwa wingi hata tukadhani ni hali ya kawaida.

Ukoga unavyofanya kazi yake

Baada ya kula, vijidudu vya kinywani hujikusanya juu ya meno na kufanya utando laini, ule ambao wazee wetu wanauita ukoga. Pitisha ulimi juu ya meno kabla ya kupiga mswaki utausikia. Vijidudu hivyo hula sukari iliyobaki kinywani na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino. Hakuna mdudu anayetambaa ndani ya jino, ingawa wengi wetu tulikua tukiambiwa hivyo.

Ukoga huohuo ukikaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu ukiguswa. Ukiachwa siku chache, chumvi za mate huugandisha ukawa mgumu kama ukoko wa chungu. Hapo mswaki hauuwezi tena, ni mpaka daktari aukwangue kwa vifaa vyake. Ukizidi kukaa, ufizi huachana na jino, na mfupa unaolishika huanza kuliwa polepole. Mara nyingi hakuna maumivu. Ni kama boriti iliyosimamishwa ufuoni: boriti yenyewe ni nzima, lakini mchanga ukiliwa na maji, siku moja itaanguka.

Kupiga mswaki vizuri

Mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ukikosa mara zote, usikose ya usiku kabla ya kulala, kwa sababu usingizini mate hupungua na meno hubaki bila kinga.

Chagua mswaki wenye nywele laini. Mgumu hausafishi zaidi, bali hukwangua ufizi na kuacha mizizi wazi. Dawa ya meno, ambayo wengi wetu tunaiita Colgate hata ikiwa ya kampuni nyingine, iwe na madini ya floridi. Soma kwenye boksi: kwa mtu mzima kiwango kizuri ni kati ya 1,000 na 1,500 kwa kipimo kinachoandikwa ppm.

Ulaze mswaki nusu mshazari, nywele zikielekea pale jino linapokutana na ufizi. Sugua kwa mizunguko midogo, pole pole, meno mawili mawili: upande wa nje, upande wa ndani, kisha juu ya magego. Wengi tunasahau upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, na huko ndiko ukoko hujaa zaidi. Malizia na ulimi.

Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi. Hili lilinishangaza, maana nimesukutua vikombe vitatu maisha yangu yote. Ile floridi inayobaki kwenye meno ndiyo inayoyakinga, na maji huiondoa. Na ukinywa maji ya ndimu au ukwaju, subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi hulainisha jino kwa muda. Badilisha mswaki kila miezi mitatu, au mapema nywele zikitawanyika.

Uzi wa meno

Mswaki haufiki kati ya jino na jino. Kazi hiyo ni ya uzi wa meno, unaouzwa kwenye maduka ya dawa na supamaketi. Kata urefu wa mkono hivi, kama sentimita 45, uzungushe kwenye vidole vya kati, ubakishe kipande kifupi katikati. Uteremshe taratibu kama unapiga msumeno, usiushindilie ukakata ufizi. Ukifika chini, ukunje ulikumbatie jino moja, pandisha na kuteremsha, kisha geukia jino jirani. Mara moja kwa siku inatosha, na usiku ndio wakati mzuri.

Siku za mwanzo utaona damu. Usiache. Kwa ufizi uliovimba tu, damu huanza kukata ndani ya wiki moja au mbili. Yangu ilikoma siku ya kumi na moja, isipokuwa sehemu mbili ambazo daktari alihitaji kuzikwangua. Kijiti cha meno hutoa nyama iliyonasa, lakini hakiondoi ukoga, na kikichokolewa kwa nguvu huumiza ufizi.

Na mswaki wa mti je?

Sisi neno letu lenyewe la mswaki limetokana na ule mti, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliuhimiza sana. Huku Bonde la Ufa nako wafugaji wa Baringo na Turkana wanautumia tangu zamani. Ni kifaa kizuri: tafuna ncha hadi ilainike, sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea jino, na kata ncha ikichakaa. Kasoro yake ni kwamba hauna floridi ya kutosha na haufiki kati ya meno. Mimi nautumia kabla ya swala, na asubuhi na usiku napiga mswaki wa dawa. Mwezi wa Ramadhani, piga mswaki baada ya daku na kabla ya alfajiri kuingia, kisha tena usiku kabla ya kulala.

Watoto

Anza jino la kwanza likichomoza. Chini ya miaka mitatu, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Msaidie kupiga mswaki hadi afike miaka saba au minane, kwa sababu mkono wake bado haujakaza. Usimlaze na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Na mabuyu, kashata na barafu, heri ale mara moja baada ya chakula kuliko kumung'unya kutwa nzima.

Huku nimejifunza jambo jingine. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, maji ya visima yana floridi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia. Jirani yangu hapa Pioneer, aliyekulia Nakuru, hufunika mdomo kwa mkono kila akicheka. Watu humdhania ni mchafu. Madoa yale hayatoki kwa mswaki, na hayakutokana na uvivu wake. Tuchunge ndimi zetu.

Wa kujihadhari zaidi

Mwenye ugonjwa wa sukari ufizi wake huharibika haraka, na ufizi ulioharibika nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Wajawazito nao ufizi huvimba upesi. Sigara huficha hatari, kwa sababu hupunguza ile damu ambayo ingekuonya. Tambuu yenye popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa. Na vijana wetu wa muguka, ile bigijii na soda ya kuondolea uchungu inakaa kwenye meno saa nne tano mfululizo.

Muone daktari damu isipokoma baada ya wiki mbili, jino likitikisika, ufizi ukitoa usaha, au kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona. Hata bila shida, pita angalau mara moja kwa mwaka.

Mamangu yuko Malindi na ana sukari. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamuuliza kama ufizi wake hutoka damu. "Mwanangu," akanijibu, "si wa kila mtu hutoka?" Ijumaa hii dada yangu anampeleka kwa daktari. Nawe muulize wako.