Mpunga Chini, Kahawa Juu: Maisha ya Misheni Kando ya Mto Tana

Maji yanayopita Kilelengwani, kijiji cha delta ya Tana, yametoka katika nchi ya kahawa. Mto Tana huanzia miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukakusanya maji ya Sagana, Chania na Thika chini ya mashamba ya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Embu. Kisha hukata nyanda kavu hadi Garsen na Kipini, mwisho wa safari ya karibu kilomita elfu moja. Udongo mwekundu wa milimani husafiri humo ndani na kutua kwenye mabonde ya mpunga ya delta. Mbuni wenyewe haukushuka. Anayetafuta huku boma la kale la misheni, lenye kanisa, shule na shamba la kahawa nyuma ya nyumba, hatalikuta. Atakuta misheni za mpunga, ndizi, miembe na mitumbwi, na historia yao haijasimuliwa hata nusu ya ile ya misheni za milimani.

Tuanze na hizo za milimani, maana ndizo zilizotupa picha tuliyoizoea. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Mwaka 1890 walipanda Kilimanjaro na kujenga Kilema, na miche ya kahawa ikafuata njia hiyohiyo, asili yake ikiwa kisiwa cha Réunion. Upande wa Kenya walipanda kahawa Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Mwaka huohuo wamisionari Waskoti wa Kibwezi nao waliijaribu. Baada ya misheni ya Mtakatifu Austin kufunguliwa Nairobi mwaka 1899, kahawa ikashika kasi, na hadi leo wakulima wa Kenya wanaijua aina moja ya mbuni kwa jina la misheni ya Wafaransa. Anayeishi Lavington sasa, kati ya maghorofa na kuta ndefu, anakaa palipokuwa mashamba hayo.

Kahawa ina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo iliyopanga siku za misheni. Mche hutaka miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Hutaka kupaliliwa, kupogolewa na kutiliwa kivuli. Buni zikiiva hazisubiri: huchumwa nyekundu kwa mkono moja moja, humenywa, huvundikwa ili utelezi utoke, huoshwa, kisha huanikwa na kugeuzwageuzwa juani kwa siku nyingi, na wingu likitanda watu hukimbia kuzifunika. Kengele ya boma iliita watu kwenye sala, darasani na shambani. Mtoto aliyekuja kujifunza kusoma alijikuta pia na kikapu shingoni. Kwa maoni yangu, kahawa ndiyo iliyomgeuza mmisionari wa milimani kuwa mwenye shamba. Mtu aliyeotesha mti wa miaka mitatu hahami, na anayemfanyia kazi naye hahami kirahisi. Kenya ya kikoloni ilizidi hapo: kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kupanda zao hilo kwa ajili yake mwenyewe, na vibali vya kwanza vya Kisii, Embu na Meru vilikuja miaka ya 1930. Wachagga wa Kilimanjaro walitangulia. Waliichanganya kahawa na migomba katika vihamba vyao, wakaunda chama cha wakulima mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933.

Sasa tushuke. Huku delta ardhi iko mita chache tu juu ya bahari. Kahawa bora ya Kenya hukubali kuanzia kama mita 1,400 kwenda juu, penye baridi ya usiku. Tena mto kwa asili hufurika mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli zinapokuwa zimenyesha kule milimani, na hakuna mbuni unaovumilia mizizi yake kukaa majini wiki nzima. Mpunga unavumilia. Mpokomo, mkulima wa mto wa chini, alijua zamani ni bonde lipi litajaa kwanza na lipi litakauka mapema. Kwenye kingo zilizoinuka alipanda migomba, mahindi na miwa.

Wamethodisti walikuja kwa ndoto nyingine kabisa. Tangu siku za Ludwig Krapf, wamisionari wa pwani walitamani kuwafikia Waoromo, ambao vitabu vya wakati ule viliwaita Wagalla. Thomas Wakefield, aliyefika Ribe mwaka 1862, alilibeba tumaini hilo miaka mingi, na katikati ya miaka ya 1880 kituo kikasimama Golbanti, kando ya Tana. Mwezi Mei 1886 Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe walikivamia. Waliuawa John Houghton na mkewe Annie, pamoja na Waoromo waliokuwa wameamini. Habari hiyo ilisomwa sana Uingereza, na majina ya wale Wazungu wawili yakahifadhiwa. Ya Waafrika waliokufa nao hayakutunzwa vivyo hivyo, na hilo ni deni ambalo watafiti wetu wangefaa kulilipa.

Mwaka uliofuata Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen walifika Ngao, kando ya mto huohuo. Nyakati zilikuwa za vurugu: usultani jirani wa Witu ulikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani tangu 1885, ukakabidhiwa kwa Waingereza kwa mkataba wa 1890, na kabla mwaka haujaisha mji wenyewe ulichomwa na jeshi la majini la Uingereza. Ngao iliishi katikati ya hayo. Mzigo wake ulitoka Lamu kwa jahazi hadi Kipini, ukapanda mto Ozi mpaka Kau, kisha ukaingia mfereji wa Belezoni uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19. Baadaye Tana wenyewe uliufuata mfereji huo, na ndiyo maana leo mlango wake mkuu uko Kipini. Mmisionari akitaka karatasi, kwinini au misumari, uhai wake ulikuwa mikononi mwa mpiga kafi wa Kipokomo aliyejua viboko wamelala wapi.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa na Kilema au Nairobi. Milimani boma liliwafundisha watu ratiba yake. Huku ratiba ilikuwa ya mto, na misheni haikuwa na la kufanya ila kuifuata. Mpunga ukianza kutia punje, mtoto hayuko darasani, yuko juu ya dungu na kombeo, anaamia ndege tangu alfajiri. Maji yakipanda, nyumba huhamia kwenye mwinuko. Wanawake walitwanga kwa kinu na mchi na kuteka maji huku wakimwangalia mamba. Wanaume walivua kambare na kuchonga mitumbwi. Kutoka nyuma ya kingo walikuja Waorma na maziwa, samli na ng'ombe wa kunyweshwa, wakarudi na nafaka. Homa ya mbu haikumbagua mtu, ila iliwaangusha wageni upesi zaidi.

Ferdinand Würtz wa Ngao alitumia miaka yake akisikiliza. Aliandika sarufi ya Kipokomo na kutafsiri Agano Jipya, lililotoka mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja mezani. Nyuma ya kila aya walikuwako Wapokomo waliosahihisha, waliobishana juu ya neno, waliokataa sentensi isiyosemwa na watu. Kwangu hilo ndilo shamba la Ngao.

Vita vya 1914 viliwaondoa Wajerumani, na baada ya Vita vya Pili kazi yao ikabaki mikononi mwa Wamethodisti. Leo Ngao ina shule na hospitali. Kutoka huko hadi upande wa Kipini, mazao ni yaleyale ya mtoni.

Lakini mashamba ya kahawa yaliacha hatimiliki, na kingo za Tana kwa sehemu kubwa hazikuachiwa hata karatasi. Septemba 2012 jina la Kilelengwani lilisikika Kenya nzima kwa mauaji ya makumi ya watu, polisi wakiwamo, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Siasa za mwaka ule zilichochea, ila kuni zilikuwa ardhi na njia za kufikia maji. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa sehemu ya juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yalikuwa yamekwisha kubadilisha mafuriko ambayo mpunga na malisho vyote viliyategemea. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 sasa inaruhusu jamii kuandikisha ardhi yao, na katika delta daftari la uandikishaji huo litapaswa kuonyesha bonde la mpunga pamoja na njia ambayo ng'ombe wa Mworma huipita kwenda mtoni.