Akiki huchongwa au husuguliwa?

Wengi wetu, mawe ya vito yakitajwa, husema «yamechongwa». Kwa garneti na yakuti za bonde la Umba, katika mkoa wa Tanga, neno linafaa: fundi huzikata uso baada ya uso, kwa pembe zilizopimwa, ili zicheze na mwanga. Kwa akiki inayozungushwa ndani ya pipa, halifai. Humo mawe husuguana yenyewe kwa yenyewe, pamoja na maji na unga wa silikoni kabaidi, usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kwanza unga wa chengachenga, kisha laini zaidi. Kitenzi chake, basi, ni kusugua.

Atakayepinga atasema kusugua ni kwa masufuria, na kwamba kung'arisha kunatosha. Lakini kung'arisha ni hatua ya mwisho tu. Akiki ina ugumu unaokaribia 7 katika kipimo cha Mohs. Haing'ai kwa kubembelezwa. Tena kila hatua hutaka mawe na pipa vioshwe kabisa, maana chenga moja iliyojificha kwenye ufa hukwaruza mzigo mzima. Jina la kazi lifuate kazi yenyewe, si bei ya kito.