Wakfu wa Joseph Kennedy Mdogo: Historia Fupi ya Ukumbusho wa Ndugu

Mwaka 1946 Joseph P. Kennedy, tajiri wa Kimarekani aliyepata kuwa balozi wa nchi yake mjini London, aliweka wakfu sehemu ya mali yake kwa jina la mwanawe wa kwanza, Joseph Mdogo, ambaye Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimemwondoa duniani miaka miwili nyuma. Historia ya wakfu huo yastahili kusimuliwa, kwa kuwa ulichukua jina la mtoto ambaye nyumba nzima ilijivunia, lakini heshima yake kubwa ikatokana na mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo, ambaye kwa muda mrefu hakutajwa hadharani.

Joseph, ambaye nduguze walimwita Joe, alizaliwa tarehe 25 Julai 1915, kifungua mimba katika watoto tisa. Chuoni Harvard, alikohitimu mwaka 1938, alicheza kandanda ya Kimarekani na raga. Na kila kiangazi, jamaa walipokusanyika Hyannis Port kwenye pwani ya Massachusetts, alikuwa nahodha wa mashua na mwalimu wa wadogo zake, akiwafundisha kuogelea, kushika usukani na kuchukia kushindwa. Mwaka 1945 mdogo wake John alikusanya kumbukumbu za jamaa na marafiki katika kitabu kiitwacho As We Remember Joe, kilichopigwa chapa kwa ajili ya watu wa karibu tu. Humo Edward, kitinda mimba wao, alisimulia siku aliyomwomba kaka yake amchukue katika mashindano ya mashua. Bunduki ya kuanza ilipokwisha kulia, Joe alimwamuru avute tanga la mbele, na mtoto, asijue hilo tanga la mbele ndilo lipi, akabaki ameduwaa; kaka akaruka akalivuta mwenyewe, kisha akamkamata suruali akamtupa katika maji ya baridi, na punde mkono ule ule ukamshika shati ukamrudisha chomboni. Walimaliza wa pili, na walipokuwa njiani kurudi nyumbani Joe alimsihi mdogo wake asimwambie mtu. Edward hakuificha hasira ya marehemu, wala hakuona kuwa kuitaja kulimpunguzia mapenzi.

Mwaka 1941 Joe aliyaacha masomo ya sheria akajifunza urubani wa jeshi la majini. Alipokwisha kutimiza zamu yake ya vita nchini Uingereza, na ruhusa ya kurudi kwao ikiwa mkononi, alijitolea kwa kazi moja zaidi: kurusha ndege iliyosheheni zaidi ya kilo 9,000 za baruti kali, kuikabidhi kwa ndege nyingine iiongoze kwa redio hata Ufaransa, na kuiruka kwa mwavuli kabla haijavuka bahari. Jioni ya tarehe 12 Agosti 1944, yeye na mwenziwe Wilford Willy wakiwa bado ndani, ndege ililipuka juu ya Suffolk, na miili yao haikuonekana. Serikali ilimpa nishani ya juu ya jeshi la majini, na manowari mpya ikapewa jina lake. Humo ndugu yake Robert alitumika kama baharia wa kawaida mwaka 1946. Kaburi la kuzuru halikuwapo, na wakfu ukawa mahali pa kuuelekeza msiba.

Katika miaka ya mwanzo fedha zilikwenda zaidi kwenye hospitali, shule na nyumba za watoto, na aghalabu zilikuwa za Kanisa Katoliki. Lakini katika nyumba ya waweka wakfu palikuwa na jambo zito. Rosemary, binti yao mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa na ulemavu wa akili tangu utotoni; na mwaka 1941 baba yake aliidhinisha apasuliwe ubongo, akitumai binti atatulia. Upasuaji huo ulimharibia usemi na mwendo, naye akawekwa mbali na jamaa, na walimwengu hawakuambiwa sababu. Eunice, mdogo wake aliyezoea kuogelea na kusafiri naye kwa mashua, ndiye aliyeshika hatamu za wakfu katika miaka ya hamsini, akisaidiana na mumewe Sargent Shriver, akauelekeza katika utafiti wa chanzo cha ulemavu wa akili na katika malezi ya wenye kuwa nao. Mwaka 1962 aliandika gazetini, kwa jina lake na la dada yake, habari ambayo jamaa walikuwa wameizoea kuifunika.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake katika historia hii. Julai 1960 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alifika Hyannis Port kumwona John Kennedy, wakati huo mgombea urais, akitafuta nauli ya vijana waliokwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawana njia ya kufika. Na wakfu ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas, na ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Hata hivyo kazi iliyomfanana zaidi mwenye jina ilianza katika uwanja wa nyumba. Juni 1962 Eunice alifungua kambi ya michezo kwake, jimboni Maryland, kila mtoto mwenye ulemavu wa akili akipewa kijana wa kuandamana naye, na mwenye nyumba mwenyewe akiingia majini kuwafundisha kuogelea, ilhali wengi siku hizo waliamini kuwa watoto hao hawafundishiki. Kutoka hapo, na kutokana na rai iliyoletwa na idara ya bustani za mji wa Chicago, wakfu uligharimia michezo iliyofanyika katika uwanja wa Soldier Field tarehe 20 Julai 1968, wiki sita tu baada ya Robert kuuawa. Wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada walishindana, na Olimpiki Maalumu ikazaliwa.

Rosemary alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 86, na Eunice tarehe 11 Agosti 2009. Miaka kumi baadaye, michezo ya dunia ilipofanyika Abu Dhabi, zaidi ya wanamichezo 7,000 walihudhuria, wakiwamo wa Kenya na wa Tanzania. Wengi wao yamkini hawakupata kulisikia jina la Joe, na hilo si upungufu wa ukumbusho. Alipenda mashindano na aliwapenda nduguze. Baba akaweka mali kwa jina lake, na dada akaifungulia mali hiyo uwanja ambamo mtu kama Rosemary huitwa kwa jina lake, hupangwa kwenye mstari, na hutakiwa, kama Joe alivyowataka wadogo zake, ashindane kwa bidii.