Namba Moja Haitoshi Kulieleza Tetemeko

Ardhi ikitikisika popote duniani, taarifa ya habari hutaja namba moja ya "kipimo cha Richter", kisha husonga mbele. Charles Richter alikitangaza kipimo hicho mwaka 1935 kwa matetemeko ya kusini mwa California, akitumia chombo cha aina moja. Tetemeko likitokea kilomita 100 kutoka kilipo chombo, na mstari kwenye karatasi ukayumba milimita 1, ukubwa wake ni 3. Ukiyumba milimita 10, ni 4. Kila hatua huzidisha nishati takriban mara 32. Kazi safi, ila ilikuwa na kikomo: tetemeko likiwa kubwa mno, namba hugota ingawa mpasuko unazidi kurefuka. Lile la Chile la tarehe 22 Mei 1960 lilihesabiwa kuwa chini ya 9, mpaka Hiroo Kanamori alipolikokotoa upya mwaka 1977 kwa kuangalia eneo la mwamba lililopasuka, umbali ambao mwamba uliteleza, na ugumu wake. Likafika 9.5, na hadi leo vyombo havijarekodi lililolizidi. Matetemeko makubwa sasa hupimwa kwa njia hiyo, si ya Richter.

Hata ikisahihishwa, namba hiyo hujibu swali moja tu: nguvu iliyofunguka huko chini. Swali la ukali wa mtikisiko mahali fulani ndilo lililotangulia. Baada ya tetemeko la Desemba 1857 kusini mwa Italia, Robert Mallet, mhandisi kutoka Ireland, alipita kwenye magofu akipima nyufa za kuta na upande ambao vitu viliangukia, kisha akachora mistari kurudi nyuma hadi ilikokutana mingi. Giuseppe Mercalli naye, mwaka 1902, akapanga madaraja ya ukali kwa yale yaliyoonekana na kuhisiwa. Siku hizi ni 12.

Wapo watakaosema ukali ni kipimo cha hisia, kwamba nyumba mbovu hulikuza tetemeko dogo. Ni kweli kwa sehemu, na ndiyo maana madaraja ya kisasa huzingatia aina ya jengo, na vyombo hupima mtikisiko wa ardhi yenyewe. Wengine watasema msomaji anataka namba moja. Lakini tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, wa wastani tu kwa viwango vya dunia, na bado liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na vijiji jirani. Namba hiyo peke yake ingemwambia nini mtu wa Bukoba? Japani hutangaza ukubwa pamoja na ukali wa kila eneo ndani ya dakika chache. Vyumba vyetu vya habari navyo viulize yote mawili, na jina la Richter viliache kwenye historia.