Siki na Asali: Historia ya Dawa ya Chupani

Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: SIKI, KISEYEYE, TAUNI, KIROBOTO. Yasomeni kwa sauti mara mbili. Yote manne mtayakuta katika somo hili.

Somo la leo tumeletewa na mzee mmoja. Nilipotembelea darasa moja la jioni huku pwani, mzee huyo alinionyesha chupa aliyouziwa njiani. Ndani mlikuwa na siki, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Kwa kuwa sasa anajua kusoma, alinisomea mwenyewe karatasi iliyobandikwa: inasafisha damu, inaondoa presha, inaondoa sukari, inapunguza unene. Nikamwuliza, "Na vidonge vya hospitali, Mzee?" Akajibu kwamba amekwisha kuviacha, ni juma la tatu sasa. Mwanangu, akaniambia, siki ni dawa ya tangu zamani, na mambo ya zamani yana ukweli.

Nilimsihi arudi kliniki kesho yake, akaenda. Lakini neno lake lilinibakia. Ni kweli kwamba siki ni dawa ya zamani. Basi tuitazame hiyo zamani yenyewe, tuone ilisema nini.

Kwanza, siki hutoka wapi? Sisi wa pwani tunajua. Mgema hupanda mnazi asubuhi na kuteremsha tembo tamu. Kufika jioni tembo limekuwa kali. Likikaa siku chache halinyweki tena, na likiachwa majuma kadhaa katika mtungi uliofunikwa kitambaa, limekuwa siki ya kutilia achari na kachumbari. Watu wa Goa, huko India, nao hutengeneza siki ya mnazi vivyo hivyo. Wazungu wa kusini hutumia divai ya zabibu, na wa kaskazini pombe ya matofaa. Kazi ni ile ile: sukari hugeuka pombe, kisha pombe hugeuka siki.

Kwa maelfu ya miaka watu walifanya kazi hiyo bila kujua nani anaigeuza. Mwaka 1864 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba ule utando unaoelea juu ya siki una uhai. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo vinahitaji hewa ili vigeuze pombe iwe siki. Ndiyo sababu mtungi hufunikwa kwa kitambaa, wala hauzibwi kwa kizibo. Wazee wetu walijua kitambaa; Pasteur alijua sababu ya kitambaa.

Sasa turudi nyuma sana. Miaka 400 hivi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Wayunani walikuwa na mganga mashuhuri aitwaye Hippocrates. Katika maandiko yanayohesabiwa kuwa yake na ya wanafunzi wake imo dawa ya siki iliyochanganywa na asali. Kwa lugha yao iliitwa oksimeli, maana yake "kali-asali". Walimpa mgonjwa wa kifua ili makohozi yalainike na yatoke. Askari wa Roma nao walikunywa maji yaliyotiwa siki au divai iliyochacha. Wasomaji wa Injili wanaikumbuka ile sifongo iliyojazwa siki pale msalabani.

Waajemi waliita mchanganyiko huo sekanjabin, jina lililotokana na maneno yao mawili, la siki na la asali. Tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 mpaka 1037, aliieleza katika maandiko yake ya tiba. Mpaka leo watu wa Iran hunywa sekanjabin wakati wa joto, pamoja na nanaa na tango. Waislamu pia wanaijua hadithi ya Mtume inayoisifu siki kuwa kitoweo chema. Angalieni neno hilo: kitoweo. Tutalihitaji baadaye.

(Hapa darasa lilipewa dakika moja kuandika.)

Haya, tuendelee. Mwezi wa Mei mwaka 1720 meli moja iliingia bandari ya Marseille, huko Ufaransa, ikitoka mashariki na shehena ya nguo na pamba. Ilileta tauni. Watu wa mji walikufa kwa makumi ya maelfu. Katika miaka ya tauni siki ilikuwa tumaini la wengi: matabibu walinyunyiza siki chumbani, sarafu zilitoswa katika siki, na barua kutoka miji yenye maradhi zilichovywa humo kabla ya kufunguliwa.

Ndipo ikazaliwa hadithi ya wezi wanne. Husimuliwa kwamba wezi hao waliingia nyumba za waliokufa kwa tauni, wakaiba, wala hawakuugua. Walipokamatwa, waliahidiwa kusamehewa wakitoa siri yao. Siri ilikuwa siki iliyolowekwa vitunguu saumu, kafuri na majani makali yenye harufu, ambayo walijipaka mwilini. Mji wenyewe haukubaliani: wengine husema ni Marseille, wengine Toulouse. Mimi nadhani ni hadithi tu. Lakini siki ya wezi wanne ilikuwa kitu cha kweli, iliuzwa madukani kwa miaka mingi, na iliandikwa katika vitabu vya dawa vya Ufaransa.

Je, ilizuia tauni? Kijidudu cha tauni kiligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye, mwaka 1898, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye anayeibeba tauni mpaka kwa mtu. Basi huenda mtu aliyejipaka kafuri na majani yenye harufu kali aliwachukiza viroboto kidogo. Huenda. Lakini walionyunyiza siki sarafuni huku panya wakikimbia darini hawakumzuia adui aliyekuwa mlangoni.

Sasa nifikie habari ninayoipenda kuliko zote.

Mabaharia wa zamani walikuwa na maradhi yanayoitwa kiseyeye. Mtu akikaa baharini miezi mingi akila biskuti ngumu na nyama ya chumvi tu, ufizi huvimba na kuoza, meno hulegea, ngozi hutokea madoa, magoti hukosa nguvu, hatimaye hufa. Kundi la meli za Uingereza zilizoongozwa na George Anson kuizunguka dunia, tangu mwaka 1740 mpaka 1744, lilipoteza watu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa maradhi. Maadui wenye mizinga hawakuua hata sehemu ndogo ya hao.

Matabibu wa siku zile waliamini kwamba kiseyeye ni mwili unaooza, na kitu kikali huzuia kuoza, kama siki inavyozuia samaki asioze. Basi mpe mgonjwa siki! Fikira hiyo ina sura nzuri. Hata mimi ningeikubali. Meli nyingi zilibeba siki kwa ajili hiyo.

Mwezi wa Mei mwaka 1747, ndani ya meli ya kivita Salisbury, tabibu mmoja wa Skotland, James Lind, aliamua kujaribu badala ya kuamini. Alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, walioumwa kwa kadiri moja. Aliwalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha namna moja, kisha akawagawa wawili wawili, makundi 6. Wawili wa kwanza walipewa pombe ya matofaa. Wawili walipewa matone ya asidi ya salfa katika maji. Wawili walipewa siki, vijiko viwili mara tatu kwa siku, na chakula chao pia kikatiwa siki. Wawili walikunywa maji ya bahari. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Na wawili wa mwisho walipewa dawa ya kusaga yenye vitunguu saumu na mbegu za haradali.

Angalieni vizuri: siki ilikuwamo, na vitunguu saumu vilikuwamo. Dawa ya chupa ya mzee wetu ilikuwamo melini, nusu huku na nusu kule.

Machungwa yaliisha baada ya siku sita. Lakini mmoja wa wale wawili alikuwa amekwisha kurudi kazini, na mwenzake alipona vizuri hata akawekwa kuwauguza wengine. Wa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo. Wa siki hawakupona.

Siki ni kali na limau ni kali. Ulimi hautofautishi sana. Tofauti ilikuwa katika kitu kisichoonekana, ambacho leo tunakiita vitamini C, nacho kilitambuliwa katika miaka ya 1930. Limau linayo, siki haina ila kidogo mno. Na zamani haikujua hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaweka wagonjwa sawasawa pembeni mwa wenzao na kuwatazama. Lind aliandika kitabu chake mwaka 1753. Jeshi la wanamaji la Uingereza halikuamuru maji ya limau kwa mabaharia wote mpaka mwaka 1795. Miaka 42! Hesabuni wenyewe mabaharia waliokufa wakati karatasi ikingojea mezani.

Niwaeleze sasa ile chupa yenyewe, maana wengi mtaniuliza. Huko Marekani, katika jimbo la California, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwalimu wa miti shamba aitwaye Rosemary Gladstar aliwafundisha wanafunzi wake kutengeneza siki ya matofaa yenye tangawizi, vitunguu maji, vitunguu saumu, pilipili, na mzizi mmoja mkali kama haradali. Aliipa jina lenye maana ya "siki ya moto". Hakuificha, kila mwanafunzi aliifundisha nyumbani kwake. Baadaye, mwaka 2012, kampuni moja iliandikisha jina hilo kuwa mali yake peke yake, na ikawashtaki waganga watatu wa miti shamba waliolipinga jambo hilo. Kesi ilikwenda mpaka mwaka 2019, hakimu katika jimbo la Massachusetts akaamua kwamba jina hilo ni la watu wote. Mimi nilifurahi. Ni kama mtu ajiandikishie neno "kachumbari" kisha amshtaki mama ntilie.

Kuitengeneza si kazi. Chukua chupa safi ya kioo. Katakata tangawizi, vitunguu na pilipili, jaza nusu ya chupa. Mimina siki ya dukani mpaka vyote vizame, maana kinachoelea juu huota ukungu. Kifuniko kikiwa cha chuma weka karatasi ya plastiki katikati, la sivyo siki itakila. Weka pasipo jua kwa majuma matatu au manne, ukitikisa kila siku. Kisha chuja, tia asali kwa kadiri ya ulimi wako. Kijiko kimoja katika bilauri ya maji chatosha. Usiinywe bila maji, kwa sababu siki hula meno na kuchoma koo. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kitu chochote chenye asali.

Na inatibu nini? Majaribio ya siku hizi yameonyesha kwamba siki kidogo pamoja na chakula cha wanga huweza kupunguza kiasi kupanda kwa sukari katika damu baada ya kula. Ni kiasi kidogo, hakitoshi kuchukua mahali pa dawa. Kuhusu unene, mwaka 2024 jarida moja la Uingereza lilichapisha uchunguzi kutoka Lebanon uliosema kwamba siki ya matofaa hupunguza uzito sana. Magazeti yakashangilia. Mwaka 2025 jarida lile lile liliufuta uchunguzi huo, kwa kuwa hesabu zake hazikuaminika. Na mgonjwa anayetumia dawa za sukari, au vidonge vya kukojosha maji, amwulize daktari kabla ya kuinywa kila siku.

Yule mzee nilimwona tena baada ya mwezi. Vidonge amevirudia. Chupa nayo hakuitupa: huitia kidogo katika kachumbari, akala na samaki wa kuchoma. Kitoweo, akaniambia, akicheka.

Kazi ya nyumbani. Kila mmoja atazame chupa ya siki, ya kwake au ya dukani, aisome karatasi yake yote. Aandike daftarini: siki hiyo imetengenezwa kwa kitu gani, na ina asidi sehemu ngapi katika mia. Nyingi mtakuta ni 5. Mkiona karatasi inayotaja maradhi, nakilini maneno yake kama yalivyo, myalete darasani juma lijalo.