Chui Wanaoitwa Kutoka Mbali

Mwaka 1966 Ghana, waliokuwa mabingwa wa Afrika, walikuja Kinshasa wakaifunga Kongo mabao 3-0. Mobutu alikuwa ametwaa madaraka Novemba 1965, na kipigo kile hakukiacha kipite hivihivi. Aliwaita nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza mpira Ubelgiji, kisha akafunga mlango: mchezaji wa Kongo asisajiliwe tena nje ya nchi. Sisi wapenzi wa mpira wa Bunia tunapobishana nani aitwe timu ya taifa na nani aachwe, mimi huanzia hapo. Hoja zote tunazorushiana leo zilikuwepo tayari mwaka ule.

Waliorudishwa hawakuwa wageni wa mpira mkubwa. Njia ya Ulaya ilikuwa imefunguliwa na Léon Mokuna, mshambuliaji wa Léopoldville aliyejiunga na Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha akahamia Gent, Ubelgiji, mwaka 1957. Paul Bonga Bonga alikwenda Standard ya Liège, na mwaka 1962 timu hiyo ikafika nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Julien Kialunda alifika Anderlecht. Ubelgiji iliyokuwa ikitutawala haikuwa na shida kumpa Mkongo jezi alipojua kufunga, na uhuru ulipokuja mwaka 1960 vijana hao wakabaki kulekule, wakilipwa na klabu zao. Kwa hiyo amri ya 1966 iliwagusa watu waliokuwa na kazi, nyumba na mikataba.

Matunda yake yalionekana upesi, na lazima tukiri hivyo hata sisi tusioipenda serikali ya namna ile. Januari 1968, Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Ethiopia. Kongo ilifungwa na Ghana 2-1 kwenye kundi, ikaitoa Ethiopia 3-2 katika nusu fainali iliyokwenda hadi muda wa nyongeza, na tarehe 21 ikakutana tena na Ghana mjini Addis Ababa. Bao lilikuwa moja tu, la Pierre Kalala. Klabu nazo zilikuwa zimepanda: TP Englebert ya Lubumbashi, ndiyo Mazembe ya leo, ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na tena 1968, na Vita Club ya Kinshasa ikatwaa taji hilo mwaka 1973.

Mwaka 1974 ndio tunaosimuliwa na wazee. Machi, nchini Misri, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ilitoka sare ya 2-2 na Zambia katika fainali ya Kombe la Afrika. Wakati ule fainali haikuamuliwa kwa penalti, ikabidi irudiwe baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa Vita Club. Kwa jumla alifunga 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyefikia idadi hiyo katika Kombe la Afrika moja. Miezi mitatu baadaye alikuwa Ujerumani Magharibi na timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wachezaji wote 22 walitoka klabu za nyumbani. Beki Bwanga Tshimen wa Mazembe alikuwa ndiye Mchezaji Bora wa Afrika wa 1973.

Kilichotokea huko kinajulikana, lakini kinasimuliwa vibaya. Scotland ilishinda 2-0, matokeo ambayo timu nyingi zilizoingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza zingeyapokea bila aibu. Baada ya hapo wachezaji wakaambiwa fedha zao hazipo. Waliingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia wakiwa wamekata tamaa, na baada ya dakika 20 tu walikuwa wamefungwa 3. Kocha Blagoje Vidinić, mwenyewe mtu wa Yugoslavia, akamtoa kipa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Mwamuzi akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu kwa kosa la Mwepu Ilunga. Mechi ikaisha 9-0. Ya mwisho ilikuwa na Brazil, iliyohitaji mabao matatu ili isonge mbele, na ikayapata. Ni katika mechi hiyo Mwepu alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazil walikuwa wakijiandaa kuupiga. Dunia ilicheka, ikidhani Mwafrika yule hajui sheria. Mwepu alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha wasifungwe zaidi ya mabao matatu, na yeye alikuwa na hasira na walioko juu waliokula fedha zao. Mimi namwamini. Beki aliyefika pale kwa kuwashinda Wamorocco na Wazambia hakuhitaji kufundishwa nani anaanza mpira wa adhabu.

Serikali iliyowaita nyumbani kwa amri ikawaacha vilevile kwa amri. Zaire ilijitoa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 1978. Ndaye alialikwa Tunisia mwaka 1994 kupewa heshima kwenye Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha waliodhani amerudi na fedha wakamvamia na kumpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, Kombe la Afrika likichezwa Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwomboleza, kwa kuwa habari zilisema amekufa. Alikuwa hai, mkimbizi, na aliishi mpaka Januari 2019.

Mashindano hayohayo ya 1998 yalikuwa ya kwanza kwa nchi yetu kucheza tangu jina la Zaire lifutwe Mei 1997. Katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu, Kongo ilikuwa nyuma 4-1 mbele ya wenyeji zikiwa zimebaki dakika chache. Ikarudisha mabao matatu, ikawa 4-4, ikashinda kwa penalti. Hiyo ilikuwa Februari. Agosti mwaka uleule vita ya pili ya Kongo ikaanza, na mkoa wetu wa Ituri ukaingia katika miaka ambayo hakuna familia ya Bunia isiyo na habari yake.

Miezi mitatu kabla ya sare ile ya 4-4, tarehe 14 Novemba 1997, mjini kwetu alizaliwa mtoto aitwaye Axel Tuanzebe. Akiwa na miaka minne familia yake ilihamia Rochdale, karibu na Manchester. Akiwa na miaka minane alikuwa tayari kwenye shule ya mpira ya Manchester United, akawa nahodha wa timu zao za vijana, na Januari 2017 akaichezea timu kubwa katika Kombe la FA dhidi ya Wigan. Wengi hapa walimjua kwa usiku mmoja, tarehe 20 Oktoba 2020, mjini Paris. Alikuwa amekaa nje kwa majeraha karibu miezi kumi. Kocha akampanga beki wa kulia kati ya mabeki watatu, dhidi ya Paris Saint-Germain yenye Neymar na Kylian Mbappé. Mbappé alipokimbia, Tuanzebe alikimbia naye, na si mara moja tu. Manchester ilishinda 2-1.

Katika simulizi ya usiku ule kuna jina lingine la Kongo ambalo halikuwa uwanjani. Mbappé alilelewa Bondy pamoja na kijana aitwaye Jirès Kembo Ekoko, ambaye wazazi wa Mbappé walimlea kama mtoto wao na ambaye Mbappé mwenyewe amemtaja kuwa mfano wake wa kwanza katika mpira. Baba mzazi wa Jirès ni Kembo Uba Kembo wa Vita Club, mmoja wa wale 22 wa Ujerumani. Baba alicheza enzi ya mlango uliofungwa. Mwana, mzaliwa wa Kinshasa, alipelekwa Ufaransa akiwa mdogo, akacheza Rennes na kuvaa jezi ya vijana wa Ufaransa. Sijui familia nyingine inayoeleza vizuri zaidi mahali mpira wetu ulikokwenda.

Wakati vijana wetu wanasambaa hivyo bila mpango, Marekani wana utaratibu wao wa kugawana vijana. Tangu 1936, ligi ya mpira wao wa kimarekani huwapanga wachezaji wapya, na timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua ya kwanza. Mpira wa kikapu hufuata desturi ya namna hiyo. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alichukuliwa na Denver mwaka 1991 akiwa wa nne, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, akachukuliwa na Golden State mwaka 2021 akiwa wa saba. Nimeipenda sana kanuni hiyo ya mnyonge kuchagua kwanza. Kwetu mnyonge huchagua mwisho. Kinshasa na Lubumbashi huchukua wanaotaka, na klabu za nje huchukua walio bora kati ya waliobaki. Hata watani wa Dar es Salaam wamejua njia: Fiston Mayele alitoka Vita akaenda Yanga na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wa 2022/23, na Henock Inonga wa Simba alikuwemo katika kikosi cha Kongo kilichotoka 0-0 na Tanzania Januari 2024.

Ituri iko wapi katika foleni hiyo? Kutoka Bunia hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa ndege, wakati Kampala haifiki 300. Kwenda Kisangani kwa barabara, kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia, ni karibu kilomita 700, na kuna sehemu ambazo dereva hapiti bila kuuliza kwanza nani alipita jana. Tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi. Kijana wa mitaa yetu ya Mudzipela au Nyakasanza mwenye kipaji hana mlango wa kugonga hapa hapa. Anayetaka kumwona akicheza ni lazima asafiri, na mwenye kazi ya kuangalia vipaji hutazama kwanza karibu na ofisi yake.

Kwa hiyo Chui wa leo, timu yetu ya taifa, wamejengwa tena kwa wito. Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa na alikuwa bingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 19 mwaka 2010 akiwa na Ufaransa. Yoane Wissa na Arthur Masuaku walizaliwa hukohuko. Nahodha Chancel Mbemba ni wa Kinshasa, na huko Ulaya alianzia Anderlecht. Tuanzebe, aliyevaa jezi za vijana wa Uingereza, aliitikia mwaka 2024, na mwenzake wa zamani wa Manchester United, Aaron Wan-Bissaka, mwaka 2025. Tofauti na 1966 ni kubwa: hawa wanaombwa, hawaamriwi, na wanaweza kukataa. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema hawa ni watu wa kuja. Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine wowote, na nadhani kifungu hicho kimepitwa na wakati. Mtu aliyeondoka Bunia akiwa na miaka minne, mkoa ukiwaka moto, hana deni la kulipa ndipo aitwe Mkongo.

Tena wameonyesha kwamba wanajua wanatoka wapi. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, katika nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji na kocha Sébastien Desabre walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa, kama mtutu wa bunduki. Kwa saa za Bunia ilikuwa saa nne ya usiku. Wengi walisema ishara ile ni ya Goma na vita ya waasi wa M23. Sisi tuliipokea kama yetu pia, kwa ajili ya maeneo ya mkoa wetu, Djugu, Irumu na Mambasa, na kwa ajili ya waliohamia kambini hapa mjini tangu 2018. Mechi yenyewe tulifungwa 1-0 kwa bao la Sébastien Haller. Mimi ningempanga Mayele mapema zaidi usiku ule, na bado naliamini hilo.

Novemba 2025, mjini Rabat, katika mchujo wa Kombe la Dunia, Kongo iliitoa Cameroon 1-0 kwa bao la Mbemba dakika za mwisho, kisha ikaitoa Nigeria kwa penalti baada ya sare ya 1-1, na Mbemba ndiye aliyepiga ya mwisho. Tulikesha. Lakini katika mabishano yetu bado nasimama na mfano wa Mazembe ya 2010: klabu ya Lubumbashi, ikiwa na Kidiaba golini na Kaluyituka mbele, iliyoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya klabu za dunia Abu Dhabi, ambako Inter ya Milan ilishinda 3-0. Wengi wa wale walijifunza mpira katika viwanja vya vumbi vya nchi hii, na hakuna aliyewatafuta Ulaya. Shirikisho la mpira likiweza kumtuma mtu Uingereza kuzungumza na mzaliwa wa Bunia, limtume mtu mwingine Bunia kwenyewe, kila mwaka, akae wiki mbili, aangalie mechi za vijana wa mitaa yote, na arudi Kinshasa na majina.