Herufi 'q' inavyoweza kuficha historia ya wanawake wa Uswidi

Mwaka 1884, mbunge mmoja wa Uswidi, Fredrik Borg, aliwasilisha bungeni hoja ya kutaka wanawake wapewe haki ya kupiga kura sawa na wanaume. Hoja hiyo iliangushwa. Wanawake wa nchi hiyo walikuja kupiga kura katika uchaguzi wa bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1921, miaka 37 baadaye.

Sasa tuseme mwanafunzi wa historia anataka kujua magazeti ya 1884 yalikuwa yakisema nini kuhusu wanawake. Siku hizi si lazima apekue majalada yenye vumbi. Maktaba ya Taifa ya Uswidi, iliyoko Stockholm, imeyapiga picha magazeti mengi ya kale na kuyaweka kwenye intaneti. Yaliyopita umri wa miaka 115 husomwa bure. Mwanafunzi wetu anaandika 'kvinna', yaani mwanamke, kisha anasubiri. Anachopata ni haba mno. Basi anahitimisha kwamba, ala, wanahabari wa enzi hizo hawakuwa na habari na wanawake!

Kumbe shida iko kwenye tahajia. Wakati huo Waswidi wengi waliandika 'qvinna'. Mwaka 1889 ndipo toleo la 6 la orodha ya maneno ya Akademia ya Uswidi lilipokubali 'kv' ichukue nafasi ya 'qv'. Kwa msomaji wa Kiswidi, hilo ni neno lile lile. Kwa mashine inayolinganisha herufi kwa herufi, hayo ni maneno mawili yasiyojuana.

Wala mabadiliko hayakuishia hapo. Mwaka 1906 serikali iliagiza shule ziandike 'vad' (nini) badala ya 'hvad', na 'av' badala ya 'af'. Magazeti hayakugeuka kwa siku moja. Mengine yaliendelea na tahajia ya kale kwa miaka kadhaa, hivyo mtafiti wa kipindi hicho sharti atafute neno moja kwa sura zake zote mbili.

Kuna pia suala la sura ya herufi zenyewe. Magazeti mengi ya karne ya 18 yalichapishwa kwa herufi za Kigothi, ambamo 's' ndefu hufanana mno na 'f'. Programu inayosoma picha na kuigeuza kuwa maandishi huzichanganya, ikazaa maneno ambayo hayajawahi kutamkwa na Mswidi yeyote.

Hebu tusiibeze maktaba yenyewe. Uswidi ina gazeti lililoanza 1645, na tangu 1661 sheria iliwataka wachapishaji kuwasilisha nakala za kazi zao serikalini. Lengo moja la sheria hiyo lilikuwa kudhibiti kilichochapishwa. Ajabu ni kwamba jicho lile la mdhibiti ndilo lililosaidia kuhifadhi kumbukumbu za taifa zima. Hoja yangu ni kwamba kuhifadhi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua lugha ya waliohifadhiwa.

Sisi wa Kiswahili tunaujua mtego huu. Kabla ya usanifishaji uliosimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, si ajabu kukuta 'khabari' mahali tunapoandika 'habari'. Anayetafuta kwa tahajia ya leo pekee atayapita maandishi ya wazee wetu bila kuyaona.

Ndiyo maana siafikiani na wanaodai kwamba tarakilishi imemwondolea mwanahistoria haja ya mwanaisimu. Imemzidishia. Zamani mtafiti aliyesoma gazeti ukurasa kwa ukurasa angekutana na 'qvinna' hata bila kuitafuta, kwa kuwa macho yake yangelipita juu yake. Leo anaonyeshwa tu kile alichojua kukiulizia. Akipata sufuri, asikimbilie kuandika kwamba jambo halikuwepo. Kwanza ajiulize watu wa wakati ule waliliandikaje, kisha afungue angalau matoleo machache na kuyasoma mwanzo hadi mwisho. Vinginevyo wanawake walionyimwa kura mwaka 1884 watanyamazishwa mara ya pili, safari hii na herufi moja tu.